Jina Lililosimamisha Gitaa

Phelesia alikuwa amejaribu nguo mpaka kitanda hakionekani, na mwishowe akalirudia lile lile gauni la kijani aliloanza nalo. Mtu asimcheke. Hebu na wewe umpende mwimbaji tangu darasa la sita, uzijue nyimbo zake kuliko namba yako ya simu, kisha siku moja uambiwe kwamba leo atakaa kwenye kiti hapo mbele yako, sebuleni kwa shangazi yako, bila jukwaa, bila spika, bila umati wa kukukanyaga vidole. Ungevaa nini?

Mwimbaji mwenyewe ni Zadock wa Magunga. Kutoka Migori mpaka Homa Bay hakuna harusi iliyoisha bila gitaa lake kulia mahali, hata kama ni kwenye redio ya mpishi. Lakini siku hizi Zadock hapigi ovyo. Aliugua koo, akafanyiwa upasuaji, na tangu apone anaimba majumbani tu, mbele ya wageni wachache, tena mpaka abembelezwe. Watoto wa Waya Pamela walioko ng'ambo ndio waliombembeleza, iwe zawadi ya mama yao kutimiza miaka sitini. Waya ndivyo Wajaluo wanavyomwita dada ya baba, na katika ukoo wa kina Phelesia, Waya Pamela akikohoa, watu wanaulizana nani amekosea.

Honi ililia nje. Phelesia akafunga mlango mbio mbio, akashuka ngazi na kupanda pikapu ya Gisiri, ile inayonuka ndama hata ioshwe na sabuni gani.

"Umependeza," Gisiri akasema, macho yakiwa kwenye usukani.

"Umesema hivyo na hata hujaniangalia."

"Nimekuangalia tangu ukiwa kwenye ngazi. Nikizidisha, tutachelewa."

Phelesia akacheka, akampiga begani kwa mkoba. Huyo ndiye Gisiri Machuki, daktari wa mifugo, Mkuria wa Kehancha, mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa inayojua kumgeuza ndama tumboni mwa mama yake bila kumwumiza. Alikuwa mteja wa duka la dawa za mifugo ambalo Phelesia analisimamia pale Migori mjini. Alianza kwa kununua dawa ya kupe kila wiki. Baadaye Phelesia akaja kugundua kwamba ng'ombe wenyewe aliokuwa akiwanunulia hawakuwepo.

Mwaka ulikuwa umepita sasa. Mwaka mtamu, isipokuwa kitu kimoja tu: nyumbani kwa kina Phelesia hakuna aliyejua kwamba kuna mtu anayeitwa Gisiri.

Walipokaribia Uriri, Phelesia akainama kufunga viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Alikaa hivyo hivyo, kichwa magotini, mpaka njia panda ya kwenda kwa baba yake ilipobaki nyuma.

"Tumepita," Gisiri akamwambia. "Unaweza kuinuka."

"Si kwamba…"

"Sijasema kitu, Phele."

Akawasha redio. Zadock akaanza kuimba. Gisiri alikuwa na nyimbo zake zote humo ndani, ingawa hakuelewa hata nusu ya maneno ya Dholuo, lugha ya Wajaluo. Ilikuwa ni desturi yao safarini: wimbo unapigwa, Phelesia anamfasiria mstari kwa mstari, na Gisiri anatikisa kichwa taratibu, mara nyingine anaomba mstari mmoja urudiwe kwa sababu ameupenda.

Walisimama Rodi Kopany kunywa chai. Hapo ndipo alipomuuliza.

"Shangazi akiuliza mimi ni nani, utasemaje?"

"Ukweli."

"Ukweli upi? Maana huu wetu umekaa ndani ya pikapu mwaka mzima."

"Gisiri, jamani. Leo nitamwambia. Haki ya Mungu. Waya akikukubali, Baba hana neno. Na leo amefurahi, ni siku yake." Akamshika mkono juu ya meza. "Tena utaona pakruok. Hujawahi kuiona ya kweli."

"Ile ya kusimamisha mwimbaji?"

"Eeh. Mtu anainua mkono, anasema *jathum, chung'*, mwimbaji anasimama. Halafu unajisifu. Wewe ni nani, wa kwa nani, unapendwa na nani. Ukimaliza, unamtuza, gitaa linaendelea. Tangu nikiwa mdogo ninaota nimesimamisha Zadock mwenyewe."

"Na kama mtu akikutaja wewe kwenye kujisifu kwake?"

"Unamjibu. Ukikaa kimya, watu wanachukulia umekubali."

Gisiri akamaliza chai yake. "Basi mimi sitakaa kimya," akasema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wapite Uriri.

*

Nyumba ya Waya Pamela iko juu kidogo ya mji wa Homa Bay, na kutoka uani unaliona ziwa lote pale chini. Saa kumi jua lilikuwa bado kali. Waya alikuwa amesimama getini mwenyewe, kitambaa kikubwa cha zambarau kichwani, akipokea wageni.

"Nyathina!" akamkumbatia Phelesia mpaka akamwinua. "Mtoto wangu! Umekonda. Huli huko Migori? Ngoja, leo utakula. Tena nimekuwekea kiti kizuri, kando ya mtu mzuri. Injinia Obonyo, wa Kisumu. Amejenga, hana mke, na mama yake nilisoma naye. Nikwambie nini tena?" Kisha macho yake yakapita juu ya bega la Phelesia. Alimtazama Gisiri kuanzia viatu mpaka kichwani. "Na huyu?"

Sasa hapo, msomaji, ndipo mambo yalipoharibika. Phelesia alikuwa amelipanga jibu lake tangu Rodi Kopany. Lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa. Lakini akakumbuka harusi ya binamu yake mwaka uliopita, na namna Waya alivyosema mbele ya watu kwamba jamwa, yaani mtu asiye Mjaluo, akija kwake aje kununua samaki arudi kwao. Akauona uso wa Waya umeng'aa kwa furaha ya siku yake.

"Huyu… huyu ni dereva, Waya. Amenileta tu."

"Ahaa. Karibu, dereva!" Waya akasema kwa Kiswahili, tena kwa moyo safi kabisa. "Zunguka hapo nyuma, wenzako wako kwenye kivuli. Kuna chakula kingi, usione haya."

"Asante, mama," Gisiri akajibu.

Hakumtazama Phelesia. Alivua kofia, akainamisha kichwa kwa heshima, akazunguka nyumba kwenda nyuma, na ile hatua yake ndefu Phelesia aliijua hata angeambiwa afumbe macho. Alitaka kumwita. Waya alikuwa tayari amemshika mkono, anamvuta ndani.

*

Sebuleni viti vilikuwa vimepangwa duara, wageni hawazidi thelathini, wamebanana magoti kwa magoti. Binamu yake Liz, kitinda mimba wa Waya, alikuja na trei ya soda akamwinamia sikioni.

"Manze, umeiva leo! Na yule msee mrefu uliyekuja naye ni nani?"

"Liz, niache."

"Dereva wa kukodi hakufungulii mlango wa gari akakubebea na mkoba, Phele. Niliwaona kutoka dirishani."

"Liz, tafadhali, usinichome."

"Mimi? Mimi nimenyamaza." Akamwachia soda, akaenda zake akitikisa kichwa.

Injinia Obonyo alisimama kumpisha akae. Alikuwa mtu wa haiba, suti ya kijivu, meno meupe. Akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za Migori, akasikiliza alipojibu. Kama angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Hakuwa mbaya hata kidogo.

Mara mlango wa chumbani ukafunguliwa na Zadock akatoka.

Phelesia alisahau kila kitu. Nisiseme uongo, alimsahau hata Gisiri kwa dakika hiyo. Zadock alikuwa mdogo wa umbo kuliko kwenye picha zote, mzee wa nywele nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Alifuatana na vijana wawili, mmoja na gitaa la besi, mwingine na chupa ya soda na kisu cha kuigongea. Akakaa, akavua viatu akaviweka kando, akabaki na soksi. Kisha akakaza nyuzi, akiongea nazo chini chini.

Alipoanza kuimba, Phelesia alifumba mdomo kwa kiganja. Sauti ilikuwa imepungua. Ilikuwa na mkwaruzo ambao haukuwepo zamani. Lakini pale karibu alisikia vitu ambavyo simu yake haijawahi kumpa: kucha zikigusa nyuzi, kiti kikilia chini ya mzee, na Zadock akivuta pumzi kabla ya kupanda juu. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia Zadock akivuta pumzi. Machozi yakamtoka hivi hivi, na midomo ikaanza kuimba yenyewe bila kutoa sauti.

Wimbo ulipoisha, mzee akavaa miwani, akamwelekezea kidole.

"Wewe wa kijani. Naona mdomo wako unatangulia wangu. Kwani ni wewe uliyenitungia?"

Watu wakacheka. Phelesia alitamani sakafu immeze na wakati huo huo alitamani dakika hiyo isiishe.

"Hapana, mzee. Nimezisikiliza sana tu."

"Wa wapi?"

"Uriri."

"Nyar Uriri," Zadock akasema, akimpa heshima ya kumwita binti wa kwao. "Nikupigie gani?"

"'Apenji'," akajibu bila kufikiri.

Mzee akaguna, akajishika koo. "'Apenji' umeniweza. Ule unapanda juu, na tangu wanipasue sijaupanda. Haya. Nitaupiga kwa ajili yako, lakini mwishoni, na mara moja tu. Ukikatika katikati sitauanza tena, koo hili si la kurudia. Sawa?"

"Sawa, mzee. Asante. Asante sana."

Wakaendelea. Wageni wakaanza pakruok zao. Mwanaume mmoja akasimamisha gitaa na kujisifu kwamba yeye ndiye ng'ombe wake hufahamika kwa majina. Mama mmoja akajiita yule ambaye mumewe hutoka kwa wenzake mapema akarudi kwake. Vigelegele, vicheko, gitaa likarudi. Phelesia akacheka na wenzake, halafu jicho lake likaenda dirishani, na kicheko kikamkauka mdomoni. Kule uani, madereva walikuwa wamekaa kwenye benchi wanakula. Gisiri hakuwa benchini. Alikuwa ameegemea pikapu yake, sahani juu ya boneti, hajaigusa, ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

Anasikiliza maneno asiyoyaelewa, na leo hakuna wa kumfasiria. Phelesia aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Jathum, chung'!"

Alishtuka. Sauti ilikuwa ya hapo hapo kando yake. Injinia Obonyo alikuwa amesimama, mkono juu. Gitaa likanyamaza.

"Mimi ni Obonyo," akasema kwa Dholuo safi, "mwana wa mama ambaye hakulala ili mimi nisome. Mimi ndiye mwenye nyumba yenye baraza nne na hakuna anayenisubiri hata kwenye moja. Lakini leo nimekaa kando ya nyar Uriri, mrembo wa gauni la kijani. Na Mungu akipenda, Waya akipenda, hivi karibuni mtanisikia nikijisifu kwa jina lake."

Ai! Nyumba ikalipuka. Waya Pamela akapiga kigelegele mpaka kitambaa kikamwanguka. Watu wakageuka wote kumtazama Phelesia, wakingoja ajibu. Akashika chupa ya soda kwa mikono yote miwili, akaangalia chini, na wazee wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika, kwa sababu msichana aliyetajwa akaangalia chini akanyamaza, jibu lake linajulikana.

"Basi imekaa vizuri!" Zadock akasema. "Huu sasa ndio 'Apenji', ni wa nyar Uriri na Injinia wake."

Gitaa likaanza, na ule mwanzo Phelesia angeutambua hata usingizini. Wimbo wa mwanaume anayemuuliza mwanamke swali moja tu: mbele ya watu, utanijua? Alikuwa ameungoja tangu utotoni, na sasa ulikuwa unapigwa kwa ajili yake, na mpigaji mwenyewe, umbali wa kunyoosha mkono tu. Na kama ilivyo kawaida ya waimbaji wetu, Zadock akaanza kupachika majina ndani ya mistari. Obonyo na Phelesia. Phelesia wa Obonyo.

Pale aliposikia jina lake limekaa kando ya jina hilo, ndani ya wimbo huo, alijua kwamba wimbo ukifika mwisho, na Gisiri pia atakuwa amefika mwisho. Atamrudisha Migori salama, kwa sababu ndivyo alivyo. Atamfungulia mlango wa gari, atamwambia lala salama, na hatakuja tena dukani.

Zadock alivuta pumzi. Alikuwa anajiandaa kupanda.

"Jathum, chung'!"

Chumba kizima kikageuka. Zadock akaweka kiganja juu ya nyuzi, akamtazama juu ya miwani.

"Nyar Uriri. Unajua nilichosema kuhusu wimbo huu."

"Najua, mzee." Alikuwa amesimama. "Nisamehe."

"Haya. Jisifu."

Phelesia akaenda mpaka dirishani. Liz, Mungu ambariki, akawahi kulifungua lote.

"Nitasema kwa Kiswahili," Phelesia akasema. Minong'ono ikaanza, maana nani aliwahi kusikia pakruok kwa Kiswahili? "Nitasema kwa Kiswahili kwa sababu mtu wangu hajui Dholuo, na neno hili sitaki afasiriwe na mwingine. Mimi ni Phelesia, binti wa Uriri. Mimi ndiye ninayependwa na mtu anayesikiliza nyimbo asizozielewa kwa sababu tu mimi ninazipenda. Nilimleta hapa leo. Waya akaniuliza ni nani, nikasema dereva. Si dereva. Anaitwa Gisiri Machuki. Ni daktari wa mifugo, ni Mkuria wa Kehancha, na ni mtu wangu. Ni mimi niliyeona haya, yeye hana la kuonea haya. Injinia, umenipa heshima, na ninakushukuru. Lakini jina langu lina mwenyewe."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Yule kijana wa chupa alikuwa amebaki na kisu hewani.

Obonyo aliketi polepole. "Mimi niliambiwa uko peke yako," akasema kwa sauti ya chini, bila ubaya, na akamtazama Waya Pamela.

Waya aliokota kitambaa chake. Zadock akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Nimesikia pakruok nyingi," akasema. "Ya mtu kusimama akajisema vibaya mbele ya watu, hii ndiyo ya kwanza. Na huyo mtu yuko wapi?"

"Nje, mzee. Na madereva."

"Sasa unangoja nini hapa?"

Na akaanza wimbo mwingine kabisa. "Apenji" haukurudi.

*

Madereva waliacha kula alipotokea. Mmoja akachukua sahani yake akawaonyesha wenzake kwa kichwa, wakahamia upande wa pili wa nyumba, wakiwa na adabu kuliko alivyotarajia. Gisiri alikuwa palepale kando ya pikapu.

"Umesikia?" Phelesia akamuuliza.

"Nimesikia."

"Basi twende ndani."

"Hapana."

"Gisiri…"

"Phele, ngoja." Hakupaza sauti. Huyu mtu hapazi sauti, na ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Unajua kitu gani kiliniuma? Si kuitwa dereva. Baba yangu ameendesha lori maisha yake yote, akatusomesha nalo. Kilichoniuma ni kwamba jibu lilikutoka haraka. Kama kitu ulichokuwa nacho tayari."

"Halikuwa tayari. Nakuapia. Niliogopa."

"Najua uliogopa. Ukipita Uriri unaogopa. Nikikupigia jioni ukiwa kwenu unaogopa. Mimi nimekuwa mtu wa kuogopewa, Phele, na sijamfanyia mtu kitu."

Phelesia alilia sasa, wazi wazi, bila kujifuta. "Nimesema jina lako mbele ya wote. Nimekatiza wimbo wangu. Unataka nifanye nini tena? Niambie, nitafanya."

"Umesema mbele ya wageni. Gitaa lilikuwepo, mzee alikuwepo, watu walikuwa wamefurahi." Akatoa kitambaa mfukoni akampa. "Umesema vizuri. Sitasahau mpaka nife. Lakini wale watarudi makwao. Je, baba yako?"

Kabla hajajibu, mlango wa nyuma ulifunguliwa, Waya Pamela akatokea, kitambaa cha zambarau mkononi, simu sikioni. Alikuwa akiongea Dholuo haraka haraka, na Phelesia akasikia jina la baba yake.

"Waya, tafadhali, usi…"

"Nyamaza. Umenivunjia heshima kwangu, siku yangu, mbele ya rafiki zangu." Macho ya Waya yalikuwa mekundu, na ilikuwa ngumu kujua kama ni hasira au kitu kingine. Akamgeukia Gisiri. "Na wewe. Nilikupa chakula nikakuambia usione haya. Mbona hukuniambia?"

"Ulimuuliza yeye, mama," Gisiri akasema. "Sikutaka kumsemea."

Waya akamtazama. Akamtazama muda mrefu kuliko pale getini, na safari hii hakuanzia viatuni. Kisha akamnyooshea Phelesia simu.

"Kaka yangu huyu hapa. Mimi sitamsemea mtu tena leo. Mwambie mwenyewe."

Simu ilikuwa bado na joto la sikio la Waya. Phelesia akaishika. Alimwangalia Gisiri, aliyekuwa amesimama mikono yake mikubwa ikining'inia tu, hana pa kuiweka.

"Baba?"

"Phelesia. Dada yangu anasema umesimamisha mwimbaji." Sauti ya mzee ilikuwa ya mbali, na nyuma yake kuku walikuwa wakilia. "Anasema kuna mtu."

"Kuna mtu, Baba."

"Nani?"

Hapakuwa na gitaa. Hapakuwa na mtu wa kushangilia.

"Anaitwa Gisiri Machuki, Baba. Mkuria wa Kehancha. Nimekuwa naye mwaka mzima. Nilipaswa kukuambia zamani, niliogopa. Nikiolewa, nitaolewa na yeye. Nisipoolewa naye, usinitafutie mwingine."

Phelesia akaitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe simu."

Gisiri alipangusa mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea. Akaishika kwa mikono yote miwili, akasogea hatua chache hadi ukutani, akageuza mgongo. Phelesia hakusikia baba yake anasema nini. Waya Pamela alikuwa amesimama kando yake, na wanawake wale wawili, waliokuwa na mengi ya kugombana, wakanyoosha shingo pamoja ili wasikie.

"Shikamoo, mzee," Gisiri alisema. Kisha, "Ndiyo, mzee." Kisha akasikiliza, kichwa kinatikisika. "Wazazi wangu wako hai, mzee, wote wawili. … Hapana, mzee, sijaoa. … Ng'ombe? Ninatibu ng'ombe, mzee. … Ana uvimbe wapi? … Kwenye taya? Usimkamue huyo kwanza. … Naweza kuja. … Hata kesho naweza, mzee."

Phelesia alishika mkono wa Waya bila kujua, na Waya hakuuondoa.

"Hapana, mzee," Gisiri alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hapana, Phelesia halii tena. Yuko hapa tu, anatusikiliza." Akageuka kumtazama, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Sasa ndiyo analia, mzee."